Kwa nini hatubadilishi kioo cha helmeti iliyopata ajali

Kila wiki huja mteja dukani kwetu hapa Moshi akiwa na helmeti mkononi, anataka kioo kipya. Tunaipokea, tunaigeuza, tunakuta ubavuni mkwaruzo mrefu wa lami. Tunamuuliza kama alianguka. Anasema ndiyo, siku chache zilizopita, lakini helmeti haijapasuka, kilichovunjika ni kioo tu. Tukimwambia kioo hatumuuzii, anaona tunamlazimisha anunue helmeti nyingine.

Tumeamua kulieleza hili kwa kirefu, maana maelezo ya kaunta huku abiria anasubiri nje hayatoshi. Jambo lenyewe ni kwamba helmeti nzuri hutengenezwa ili iharibike. Ikishamwokoa mtu mara moja imemaliza kazi, na kilichoharibika hakionekani kwa nje. Wenye mbio za pikipiki na magari ilibidi wapoteze watu kwa karibu miaka 40 kabla ya kulielewa hilo vizuri, na historia yao inatufundisha sisi tunaouza na ninyi mnaonunua.

Tuanzie Uingereza. Karibu na London kulikuwa na uwanja wa mbio wa Brooklands, uliofunguliwa mwaka 1907. Daktari mmoja aliyehudumu pale, Eric Gardner, aliona kuwa haipiti muda mrefu bila kuletewa mwendesha pikipiki aliyeumia kichwa. Akamtafuta fundi wa Bethnal Green, mashariki mwa London, amtengenezee kofia za turubai zilizokazwa kwa tabaka za shelaki, ile vanishi ya asili. Alipozipeleka kwa chama cha mbio za pikipiki, Auto-Cycle Union, mwanzoni zilikataliwa. Baadaye chama kikabadili msimamo, na mwaka 1914 kila aliyeshiriki mbio za pikipiki za TT (Tourist Trophy) katika Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, akalazimika kuvaa. Gardner alisafiri na kofia 94. Waendeshaji hawakufurahia. Mmoja wao aligonga geti kwa kichwa, pigo la kuteleza, akapona. Mbio zilipokwisha, daktari wa kisiwani akamwandikia Gardner kwamba kila mwaka baada ya TT alizoea kupata wagonjwa kadhaa wa mtikisiko wa ubongo, lakini mwaka ule hakupata hata mmoja.

Ungetarajia baada ya hapo kila mwenye pikipiki avae. Haikuwa hivyo. Kofia zilibaki za wanamichezo, barabarani watu wakaendelea vichwa wazi. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule ofisa wa Kiingereza aliyesifika kwa vita vya Uarabuni, alikuwa juu ya pikipiki yake aina ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake Dorset. Akawakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akarushwa. Hakuvaa kofia. Alilala siku sita bila fahamu, akafa tarehe 19. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwepo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia, na tangu hapo Cairns hakuiacha mada hii.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jeshi la Uingereza lilikuwa na matarishi wengi wa pikipiki, wakiendesha usiku na taa zimefunikwa. Mwaka 1941 Cairns alichapisha hesabu zake katika jarida la British Medical Journal: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji na abiria wa pikipiki 2,279 walikufa barabarani Uingereza. Katika majeruhi waliopita mikononi mwake alipata saba tu waliokuwa wamevaa kofia ngumu. Wote saba walipona. Saba si wengi, na yeye alilijua hilo, lakini alieleza majeraha yao mmoja mmoja, akaonyesha jinsi kofia ilivyobonyea mahali ambapo fuvu lingebonyea. Novemba 1941 jeshi likaamuru kila askari wa pikipiki avae akiwa kazini. Raia walisubiri sana: sheria ya Uingereza ya kuwabana nao ilikuja mwaka 1973.

Mpaka hapo, wazo la watu wengi lilikuwa kwamba kofia inasaidia kwa sababu ni ngumu. Dukani bado tunalisikia. Mteja anagonga helmeti kwa ngumi, anasema hii ni kitu. Ugumu wa nje una kazi yake: unasambaza pigo lisikae sehemu moja, unazuia jiwe au chuma kisichome, unaifanya helmeti iteleze juu ya lami badala ya kunasa. Kinachouokoa ubongo ni tabaka la ndani.

Sehemu hii msiiruke, hata kama hamtasoma kingine. Kichwa kinachokwenda kilomita 27 kwa saa kikikutana na lami, kinatakiwa kisimame. Swali ni kisimame ndani ya umbali gani. Bila helmeti, ni milimita chache za ngozi, kisha mfupa. Anayedaka embe linalotupwa kutoka mtini hurudisha mikono nyuma ili lisipasuke. Povu la ndani ya helmeti linakifanyia kichwa hivyo hivyo, kwa kusagika. Linakubali kubonyea sentimita mbili tatu, na hizo sentimita ndizo zinazopunguza nguvu inayofika kwenye ubongo. Povu lenyewe ni jamii ile ile ya povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, ila limeshindiliwa kwa uzito uliopimwa. Sehemu kubwa yake ni hewa iliyofungwa ndani ya vijichembe. Pigo linapokuja, vijichembe vinapasuka na kujikunja, na havirudi tena.

Watu wa kulifanya wazo hilo kuwa la kisayansi walikuwa Profesa C. F. Lombard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Mwaka 1953 walipewa hataza ya kofia yenye gamba gumu nje na tabaka la kumeza nguvu ndani. Mwaka uliofuata, Roy Richter, mwenye duka la vipuri vya magari ya mbio katika mji wa Bell, California, akatoa helmeti ya Bell 500. Tunapenda kukumbuka kwamba kampuni kubwa kama ile ilianzia kwenye duka la spea.

Ila mtu alijuaje helmeti ipi inameza pigo na ipi ni pambo? Mwaka 1956 dereva wa mbio William Snell, aliyeitwa Pete, alipata ajali akiwa amevaa helmeti, akafa kwa majeraha ya kichwa. Helmeti haikumkinga. Mwaka 1957 rafiki zake, pamoja na daktari George Snively, wakaanzisha Snell Memorial Foundation. Walizidondosha helmeti za sokoni kwenye chuma na kupima nguvu inayopenya ndani, na nyingi zikashindwa. Kwa maoni yetu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia nzima, kwa sababu tangu hapo muuzaji hawezi tena kusema tu kwamba yake ni imara. Viwango vya leo vimefuata njia hiyo hiyo. Kiwango cha Umoja wa Mataifa cha helmeti za pikipiki, ECE 22.05, kiliidondosha helmeti ikiwa na kichwa cha chuma ndani kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa kitu kinachoanguka kutoka karibu mita 3.

Kwenye magari ya Formula 1 helmeti inayofunika uso mzima iliingia mwaka 1968, Mmarekani Dan Gurney alipoivaa. Haikuchukua muda wenzake wakamfuata.

Baiskeli zilichelewa kuliko wote. Kwa miaka mingi waendesha baiskeli wa mashindano walivaa mikanda ya ngozi iliyoshonewa pamba ndani, yenye nafasi kubwa katikati. Ilipunguza mikwaruzo, lakini haikuwa na kitu cha kusagika. Mwaka 1975 Bell ikatoa Bell Biker, helmeti ya baiskeli yenye gamba gumu na povu lile lile lililotokana na mbio za magari. Jimbo la Victoria, Australia, likawa la kwanza kuifanya lazima kwa kila mwenye baiskeli, Julai 1990.

Wachezaji wa kulipwa wao waligoma. Mwaka 1991 chama cha baiskeli duniani, UCI, kilipojaribu kuwalazimisha, waliandamana kwenye mbio za Paris–Nice, sababu kubwa ikiwa joto, na chama kikarudi nyuma. Julai 1995 Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki ya Barcelona, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet wakati wa Tour de France. Kichwa chake kilikuwa wazi. Akafa siku ile ile. Bado sheria haikubadilika. Machi 2003, kwenye Paris–Nice ile ile, Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka bila helmeti, akafa kesho yake. Mei 2003 ikawa lazima, ingawa mwanzoni waliruhusiwa kuivua kwenye mpando wa mwisho. Vijana walioziona mbio za ubingwa wa dunia Kigali, Septemba 2025, hawakuona hata kichwa kimoja kilicho wazi. Hilo lilipatikana kwa miaka 12 ya kubishana na misiba ya watu wenye majina.

Mwanafizikia wa Oxford aliyefanya kazi na Cairns, A. H. S. Holbourn, aliandika mwaka 1943 kwamba ubongo huumia zaidi kichwa kinapozungushwa ghafla kuliko kinapopigwa moja kwa moja. Alilionyesha hilo kwa ubongo wa kuiga uliotengenezwa kwa jelatini. Helmeti za MIPS, zenye tabaka jembamba linaloteleza kidogo ndani ili kichwa kisizungushwe ghafla, zilitokana na utafiti wa Sweden wa miaka ya 1990, na kipimo cha mzunguko kimeingia kwenye ECE 22.06, kiwango kilichofuata baada ya 22.05. Ukiona alama hizo na mfuko unaruhusu, chukua.

Sasa turudi kwenye helmeti yako. Vuta kitambaa cha ndani. Nyingi hushikwa na vifungo vya kubana. Chini yake unatakiwa uone povu gumu lenye unene wa kidole au zaidi, mpaka pembeni juu ya masikio. Bonyeza kwa dole gumba. Likizama lote na kurudi, hilo ni sifongo la kukaa kichwani vizuri, halina msaada kwenye ajali. Likiwa gumu, angalia mahali penye mkwaruzo kwa nje, kwa ndani yake: ufa mwembamba, sehemu inayong'aa kuliko nyingine, au mahali palipokuwa pembamba. Mara nyingine hutaona kitu na bado povu limesagika upande wa gamba, usikofikia. Ndiyo maana tunauliza historia ya helmeti kabla ya kuitazama, na ndiyo maana hatuuzi za mtumba.

Kofia za mafundi ujenzi zisipande pikipiki. Zimetengenezwa kwa ajili ya tofali linalodondoka kutoka juu, na pembeni hazina kitu. Usisafishe helmeti kwa petroli wala thina, povu linayeyuka. Maji na sabuni ya kawaida yanatosha. Usiitundike kwenye saiti mira siku nzima, ncha ya kioo inachimba povu taratibu. Kama huna ajali yoyote, watengenezaji wengi wanashauri uibadilishe baada ya miaka 5 hivi.

Na ufunge mkanda. Mwaka 1976 dereva wa Formula 1 Niki Lauda alipopata ajali kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, helmeti yake ilimtoka, na alivyoungua uso dunia nzima iliona. Mkanda ukifungwa uingize vidole viwili tu chini ya kidevu. Abiria wako naye umfungie, asiishike kwa mkono. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki kwa 42% na ya kuumia kichwa kwa 69%, lakini usitegemee hivyo kwa ile isiyofungwa.

Ukitaka tuikague, ilete dukani siku yoyote ya kazi. Tunaifungua mbele yako bila malipo. Ikiwa ni nzima na kioo kimechakaa tu, tunakibadilisha papo hapo. Ikiwa imeshapigwa, tunaomba ruhusa yako tukate mikanda yake yote, isije ikaokotwa na kuuzwa kwa mtu mwingine, na kwa helmeti mpya utakayochagua tutakupimia kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi, kabla hujalipa.