Mabanio ya Usangu yafungwe mpunga ukishavunwa

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu Mto Ruaha Mkuu kukauka, maana kila kiangazi tunasoma habari ileile, viboko wamebanana kwenye vidimbwi vya tope kule Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na lawama zote anabebeshwa mfugaji. Zamani huu mto ulikuwa unatiririka mwaka mzima, ukaanza kukata 1993. Ng'ombe wana mchango wao sikatai, ila mpunga wa Mbarali, huko bonde la Usangu (wali wake mtamu, acha tu) unakunywa maji mengi sana, na kibaya zaidi yapo mabanio (milango ya kuingiza maji ya mto kwenye mifereji ya mashamba) yanabaki wazi hata baada ya mavuno, maji yanapotelea kwenye majaruba matupu wakati huku chini kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu wanayasubiri wazalishe umeme.

Ushauri wangu, jumuiya za watumia maji zipewe nguvu kisheria, mavuno yakiisha banio linafungwa, asiyefunga faini. Lakini kwanza serikali ichimbe visima, kwa sababu kuna vijiji mfereji huohuo ndo maji ya kunywa na kufulia, ukifunga tu hivihivi watu watavunja kufuli usiku na mimi siwalaumu.

Msomaji wenu,
Iringa