Risala ya Klabu ya Mali Hai kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mkuu wa Shule na walimu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Wazee wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu Kwakuchinja. Maneno ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1961 kuhusu wanyamapori hatutayarudia, maana umeshayasikia katika kila risala. Tutasema ya hapa kwetu.

Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia hutoka Tarangire. Wapo wanaokwenda nyanda za Simanjiro, na wapo wanaopita hapa kuelekea kaskazini, upande wa Gelai, wakazae huko. Mwalimu wetu wa Baiolojia ametufundisha kwamba majani ya huko yana fosforasi inayopungua katika majani ya Tarangire, na nyumbu anayenyonyesha anaihitaji sana. (Ndiyo hiyo hiyo inayochimbwa Minjingu ikawa mbolea. Mkulima na nyumbu wanatafuta kitu kimoja.) Kiangazi kikiingia wanarudi kunywa Mto Tarangire. Leo ni tarehe 5 Juni, kwa hiyo umekuja wakiwa njiani.

Hifadhi ya Ziwa Manyara ina mipaka yake tangu 1960, na ya Tarangire tangu 1970. Katikati ndipo tulipo sisi, na mashamba, maboma, na barabara ya lami ya Arusha kwenda Babati. Kando ya barabara hiyo sasa zimesimikwa bikoni, yaani nguzo za mipaka ya viwanja.

Jumamosi moja mwishoni mwa masika tulizifuata kwa miguu. Bikoni ya nne tuliikuta imeng'olewa, imelala ubavu. Pembeni yake palikuwa na unyayo wa tembo, mpana kama ungo, maji ya mvua ya usiku yametuama ndani, na kwato ndogo za pundamilia zimekanyaga ukingo wake. Mwenzetu mmoja akasema, "Huyu ameshaweka pingamizi." Tulicheka. Mbele kidogo tukafika kwenye kiwanja kilichozungushiwa seng'enge, na juu ya waya zilinasa singa nyeusi za mkia wa nyumbu. Hapo hakuna aliyecheka.

Mheshimiwa, hatuwalaumu wanaouza. Mwenzetu wa kidato cha tatu alikosa masomo wiki mbili msimu uliopita, akikesha shambani na tochi na debe, na bado tembo walikula mahindi. Kifuta jasho, yaani fedha za serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori, nyumbani kwao wanakisubiri hadi leo. Mapato ya utalii yanayopitia JUHIBU, jumuiya ya hifadhi ya vijiji kumi, hugawiwa vijiji. Aliyeliwa mahindi haoni chake mkononi. Bei ya kiwanja anaiona siku hiyo hiyo. Anayetaka ushoroba, yaani njia hii ya wanyama kati ya hifadhi, ubaki wazi aanze na mtu huyu.

Kinachotutia wasiwasi ni kwamba viwanja vimetangulia na mpango wa matumizi ya ardhi unafuata nyuma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ardhi igawiwe kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inatambua shoroba, na kanuni zake zilitoka 2018. Tunaomba basi mkutano huo uitishwe kabla ya bikoni nyingine kusimikwa, na njia ya wanyama ichorwe kwenye ramani kwa kuitembea pamoja na wazee wanaoijua. Vituo vya mafuta na nyumba za wageni vijengwe pale palipo na maduka tayari. Aliyekwisha nunua ndani ya mapito apewe kiwanja kingine, asinyang'anywe.

Ombi lingine ni la tathmini ya athari kwa mazingira. Mtaalamu akija wiki moja ya Agosti, wakati wanyama wamejaa kandokando ya mto ndani ya hifadhi, anaweza kuandika kwamba hapa hapapiti kitu, na kwa alichokiona atakuwa amesema kweli. Tunaomba aje mara mbili, mvua zinapoanza na zinapokwisha. Sisi tutampeleka.

Tunaomba pia matuta na alama za barabarani pale pundamilia wanapovuka usiku. Klabu nayo inaomba darubini, kwa sababu tuliyo nayo ni moja na ina jicho moja zima. Wanaoishika kwanza ni kidato cha nne, na wadogo wamechoka kuhadithiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chakula kipo tayari. Baada ya chakula tunaomba dakika 20 tu za kutembea nawe hadi bikoni ya nne. Asubuhi tulipopita bado ilikuwa imelala.

Tunaomba kuwasilisha.