Sauti za vinanda vya zamani zinapatikana bure bila kuiba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda wasomaji wengi wakaliona dogo, ila kwetu sisi tunaojishughulisha na muziki hapa Tabora, iwe ni kwenye kwaya, kwenye bendi za harusi au katika vile vyumba vya kurekodia vyenye trei za mayai ukutani, linagusa mfuko na heshima ya kazi. Ninakusudia programu za kompyuta zinazoiga vinanda vya kielektroniki vya miaka ya 1970 na 1980, vile ambavyo mafundi huviita sintesaiza, na hasa zile programu ambazo watunzi wake wameamua kwa hiari yao kuzitoa bure.

Huu ni mwaka wangu wa ishirini na tatu nikifundisha kwaya na kupiga kinanda, na katika muda huo nimeingia studio nyingi za vijana, kuanzia Isevya hadi Ng'ambo na Cheyo. Karibu katika kila kompyuta niliyofunguliwa nimekuta programu za muziki za bei kubwa ambazo mwenye studio hakuzinunua. Alizipata kwenye flashi ya rafiki zikiwa zimeshavunjwa kufuli, na mara nyingi zikiwa zimefuatana na virusi vinavyokula mafaili ya wateja wake. Ukimuuliza kwa nini asitumie zile zinazotolewa bure na wenyewe, jibu huwa ni lile lile: "Mwalimu, za bure hazina sauti." Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu si kweli, na mimi mwenyewe nililipa fedha nyingi kabla ya kujua kwamba si kweli.

Miaka tisa iliyopita nilinunua Yamaha DX7 iliyotumika kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, ikaletwa kwa treni ya Reli ya Kati ikiwa imeviringishwa blanketi na kufungwa kamba za katani. Kwa wasioifahamu, DX7 ni sintesaiza iliyoingia sokoni mwaka 1983 na kuenea duniani kwa kasi. Ule mlio wa piano ya umeme unaolia kama bilauri iliyogongwa taratibu, uliojaa katika nyimbo za mapenzi na za injili za miaka ile, kwa sehemu kubwa ni wake. Mlio huo ndio nilioukusudia, nami nilikuwa nimeuwekea akiba kwa miaka miwili. Nilipokiwasha kinanda, majina ya sauti yakajitokeza kama herufi zisizosomeka, na kila kitufe nilichobonyeza kikanipa ama ukelele ama kimya. Muuzaji hakupokea simu tena. Fundi redio wa hapa mjini alikifungua, akanionyesha betri ndogo ya duara iliyochomelewa ndani kabisa, ambayo kazi yake ni kushikilia kumbukumbu ya sauti 32 wakati kinanda kimezimwa. Ilikuwa imekufa, pengine kabla hata kinanda hakijapakiwa kwenye behewa. Aliibadilisha kwa muda mfupi, lakini betri mpya haimrudishi aliyekwisha kupotea.

Katika kutafuta namna ya kuzirudisha sauti hizo ndipo nilipokutana na programu iitwayo Dexed, inayoiga DX7. Niliambiwa niipakue kwenye kompyuta mpakato, nifungue ndani yake faili la sauti za awali za DX7, kisha nilirushe kwenye kinanda kwa waya wa MIDI, yaani waya unaopeleka maagizo kati ya kompyuta na kinanda. Faili hilo, lenye sauti zote 32, lina ukubwa wa baiti 4,104 tu. Ujumbe wa sauti wa sekunde chache tunaotumiana kwenye simu ni mzito kuliko hapo, kwa hiyo anayesema kwamba bando ndilo linalomzuia anatafuta kisingizio.

Waya wenyewe haukupatikana Tabora, ikabidi niagize. Katika siku za kuusubiri nikachomeka kinanda kidogo cha kanisa kwenye kompyuta, kile ambacho watoto wa shule ya Jumapili hukipiga kwa ngumi, nikakitumia kama vitufe vya kuipigia Dexed. Nikapiga koda tatu, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, nikaacha, nikazirudia. Mlio niliouwekea akiba miaka miwili ulikuwa unatoka kwenye kompyuta ileile ninayoandikia kumbukumbu za mikutano ya kwaya. Baadaye, kinanda halisi kilipopona, niliviunganisha vyote viwili kwenye spika moja, nikawageuzia wanakwaya wachache uso ukutani na kuwataka waseme ipi ni DX7 ya kweli. Wengi waliitaja programu, kwa maelezo kwamba ile nyingine ina mvumo. Mvumo ulikuwapo kweli. Ni wa kinanda kilichochakaa.

Sababu ya mfanano huo ni nyepesi kuielewa. DX7 haikuwa na nyuzi wala vinyundo, na wala haikutengeneza sauti kwa saketi za analogi kama sintesaiza nyingi zilizoitangulia. Ndani yake ni hesabu tupu. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mtunzi wa muziki John Chowning aligundua kwamba ukiutikisa mlio mmoja kwa mlio mwingine, na kasi ya kutikisa ikapita kiwango ambacho sikio hukisikia kama mtetemo, haupati tena mlio unaotetemeka bali sauti mpya yenye rangi yake. Yamaha walinunua leseni ya ugunduzi huo, wakaujenga ndani ya kinanda ambacho kila sauti yake hutokana na milio sita iitwayo opereta, iliyopangwa kwa mojawapo ya mipangilio 32: baadhi husikika, baadhi kazi yao ni kuwatikisa wenzao. Hesabu ikifanywa na chipu ya mwaka 1983 au ikifanywa na kompyuta mpakato ya leo, jawabu ni lile lile. Kuna hata mahali ndani ya Dexed pa kuchagua kama unataka jawabu safi au lenye ule ukwaruzo mdogo wa mashine ya awali, na mimi huchagua ukwaruzo.

Hapa pia pana jibu la swali la uhalali, ambalo vijana huniuliza kwa wasiwasi mara tu wanaposikia neno "kuiga". Hataza ya ugunduzi wa Chowning, yaani haki ya kuumiliki peke yake, iliyotolewa Marekani mwaka 1977, ilikwisha muda wake siku nyingi. Moyo wa Dexed uliandikwa na Raph Levien, aliyekuwa akifanya kazi Google, kwa ajili ya simu za Android, akauacha wazi kwa yeyote kuuona na kuutumia. Pascal Gauthier akaujengea programu kamili na kuitoa kwa leseni huria ya GPL, inayomruhusu mtu kuitumia kwa kazi yoyote, ya kanisani au ya kulipwa, na kumpa jirani nakala. Huo ni ukarimu wa watu walioandika kazi kwa mikono yao, na ni tofauti kabisa na flashi ya kufuli lililovunjwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyozilinda nyimbo. Msanii anayelalamika asubuhi kwamba wimbo wake unauzwa kwenye flashi stendi, na jioni akaurekodi mwingine kwa programu ya wizi, anajipunguzia mwenyewe haki ya kulalamika. Niongeze tu kwamba si kila cha bure kina leseni pana kama hiyo. Zipo programu zinazotolewa bure kwa kujifunzia ila si kwa kazi ya kulipwa, hivyo ni lazima kusoma masharti kabla ya kupakua.

Sitaki nieleweke kwamba kila mwigo unafanana na asili yake kama shilingi kwa ya pili. Vinanda vya analogi, kama Minimoog ya mwaka 1970, vilizalisha sauti kwa saketi ambazo hali ya hewa huzibadilisha, na mtu aliyeonja joto la Oktoba la Tabora anaweza kukisia kinanda cha namna hiyo kingekuwa kimehama ufunguo kwa kiasi gani kati ya wimbo wa kuingia na wimbo wa matoleo. Kuigiza tabia hiyo ya kuyumba ni kazi ngumu zaidi kuliko kuigiza hesabu. Hata hivyo, nimetumia Mono/Fury ya Full Bucket Music, inayoiga Korg Mono/Poly ya mwaka 1981 na kutolewa bure, kwa besi ya nyimbo mbili za bendi, na mpiga besi wetu aliuliza ni nani aliyempokonya kazi. Fundi mwenye masikio makali na vipokea sauti vizuri ataitambua tofauti, hasa pale kichujio, ile sehemu inayopunguza ukali wa sauti, kinapolazimishwa kupiga yowe. Wimbo ukishapita kwenye spika za sherehe zilizofungwa juu ya gari la matangazo, sijui ni nani atakayebaki akiitafuta.

Lakini lililo kubwa kwangu si bei wala sheria. Mji huu ndio uliotoa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na wazee waliozicheza nyimbo zao watakwambia ni bendi gani inapiga kabla mwimbaji hajafungua kinywa, kwa gitaa tu. Leo nikipita mtaani nasikia piano ileile na filimbi ileile katika kila wimbo, kwa kuwa kila studio ina ile flashi moja yenye maelfu ya sauti zilizokwisha pikwa na wengine, na hakuna anayejua ndani ya chungu mna nini. Programu kama Dexed haikufichi kitu. Opereta zote sita ziko mbele ya macho yako, kila moja na kasi yake, nguvu yake, na namna inavyopanda, inavyodumu na inavyozimika. Mwanzoni inatisha, nakubali. Nilikaa nayo majuma mawili nikitoa kelele za debe tupu. Kisha nikachukua opereta mbili tu. Ya kwanza nikaiacha isikike na kuzimika polepole. Ya pili nikaipa kazi ya kuitikisa ya kwanza, nikaiwekea kasi ya mara tatu na nusu badala ya namba kamili, na nikaifanya izimike upesi sana, kabla mwenzake hajafika nusu ya safari. Ilitoka sauti ya ulimi wa chuma uliokwanyuliwa kwa kidole gumba, mwanzo wake mkali, mwisho wake laini: malimba. Si malimba ya mtu mwingine iliyorekodiwa nchi nyingine, bali yangu, niliyoipangia mwenyewe kiasi cha ukali wake, na sasa inaongoza wimbo wetu wa mavuno. Namba ikiwa kamili, sauti hulainika kama filimbi au piano. Ikiwa si kamili, huelekea kwenye kengele na chuma. Kijana wa kidato cha pili alilishika jambo hilo kwa mchana mmoja, na tangu hapo hapotezi muda kuniuliza sauti nzuri zinapakuliwa wapi.

Lipo lalamiko moja la haki ambalo nalisikia kwa wanaojaribu na kukata tamaa, nalo ni kwamba sauti inachelewa: unabonyeza sasa, inalia baadaye. Hilo si kosa la programu kuwa ya bure. Kompyuta hukusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuitoa, na ikiwa fungu lina sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 1,024 huku kila sekunde ikiwa na sampuli 44,100, hapo peke yake kuna ucheleweshaji wa milisekunde 23, mbali na mwingine unaoongezwa na mfumo wenyewe wa Windows. Ukiweka kiendeshi cha ASIO4ALL, ambacho nacho ni bure, na kushusha fungu hadi sampuli 256, inabaki chini ya milisekunde sita, na mkono hauoni tofauti. Ukishusha zaidi ya uwezo wa kompyuta yako utasikia mikwaruzo, na hapo uliongeze fungu kidogo. Faida nyingine niliyoigundua bila kuitafuta ni kwamba umeme ukikatika katikati ya ibada, kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake, na ukiwa na spika ya kuchaji, kwaya haikai chini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zako za sanaa, ambazo huandika sana kuhusu nani amemtolea nani wimbo wa mafumbo, zitenge walau safu moja kwa mwezi kwa mambo ya ufundi kama haya, kwa Kiswahili, kwa kuwa maelekezo ya programu hizi karibu yote yapo kwa Kiingereza na vijana wengi wenye masikio mazuri wanakwama hapo. Nami kwa upande wangu hupatikana kanisani kila Jumamosi baada ya mazoezi ya saa kumi, na kijana yeyote wa Tabora atakayekuja nitampa Dexed, lile faili la sauti 32 na malimba yangu. Aje na flashi, ila aifute kwanza iwe tupu. Nimeshasafisha virusi vya kutosha.

Mpiga kinanda wa kwaya,
Isevya, Tabora