Anayejaza chupa ndiye mzalishaji

Mhariri,

Wafanyabiashara wengi wanaopakia asali, siagi ya njugu, viungo au sabuni ya maji huamini kwamba chupa ikishatupwa, wa kuulizwa ni kiwanda kilichoitengeneza. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 haisemi hivyo. Kwa sheria hiyo, mzalishaji ni yeyote anayeleta bidhaa na vifungashio nchini kwa kutengeneza, kuagiza kutoka nje, kujaza, kujaza upya, kufunga upya au kubandika chapa yake. Anayenunua asali kwa ndoo, akaigawa katika chupa na kuweka lebo yake, ni mzalishaji. Duka kuu linalouza mchele wa mkulima kwa jina la duka ni mzalishaji pia. Kanuni za mwaka 2024 zimeuwekea wajibu huo utaratibu: unajisajili na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kisha ama unaendesha mpango wako wa kukusanya na kuchakata, ama unajiunga na shirika la wazalishaji linalofanya kazi hiyo kwa niaba ya wanachama.

Ada unayolipa shirika hilo si kodi. Ushuru wa mazingira uliokuwa katika Mswada wa Fedha wa 2024 ungeingia hazina ya serikali, na mswada ule ulianguka Juni mwaka huo. Ada ya mzalishaji kazi yake ni kugharamia ukusanyaji, usafirishaji na uchakataji wa vifungashio vyenyewe, na mwanachama ana haki ya kudai hesabu ya namna ilivyotumika.

Penye shida kubwa ni uzito. Kazi ya kukusanya na kuchakata hupimwa kwa kilo za kila aina ya malighafi, wala si kwa idadi ya chupa au thamani ya mauzo, na hapo ndipo taarifa nyingi huharibika. Tuchukue mfano wa mpakiaji anayeuza chupa 1,200 za asali kwa mwezi. Chupa ya PET, plastiki angavu ya chupa za maji, ina gramu 28, kifuniko cha polipropilini, plastiki ya aina nyingine, gramu 6, lebo gramu 1, na kila chupa 12 huingia katika katoni ya gramu 240. Kwa mwezi huyo ameingiza sokoni kilo 33.6 za PET, kilo 7.2 za polipropilini, kilo 1.2 za lebo na kilo 24 za kadibodi. Kwa mwaka, PET pekee ni kilo 403.2. Akiandika “plastiki kilo 40.8 kwa mwezi” na kuishia hapo, amechanganya aina mbili ambazo haziuzwi kwa bei moja wala kuchakatwa kwa mashine moja, na kadibodi ameisahau kabisa. Katoni ni kifungashio, na nailoni ya kuzungushia mzigo juu ya pleti, yaani jukwaa la mbao la kubebea mizigo, ni kifungashio vilevile.

Kupima hakuhitaji maabara. Pima chupa tupu 100 kwa pamoja, ugawe kwa 100, kisha fanya hivyo kwa vifuniko na lebo. Mizani ya jikoni inayoruka gramu tano tano haiwezi kupima kifuniko kimoja, lakini ikipima 100 kosa linakuwa dogo mno. Rudia kila unapobadilisha muuzaji, maana chupa mbili zenye ujazo sawa huweza kupishana gramu kadhaa. Halafu hesabu zilizotoka kwenda sokoni, usihesabu zilizonunuliwa, kwa sababu chupa zilizo stoo na zilizopasuka wakati wa kujaza hazijamfikia mlaji. Zilizopasuka ziandike kando, kwa kuwa hizo ni taka za karakana yako na zina njia yake.

Kuna jambo la pili ambalo linaniuma zaidi, kwa sababu hurekebishwa kabla hata ya chupa kuagizwa. Pembetatu ya mishale yenye namba chini ya chupa hutaja aina ya plastiki tu. Namba 1 ni PET, 2 ni polithilini nzito, 3 ni PVC, 5 ni polipropilini. Haiahidi kwamba kuna mtu atakayeichakata. Chupa nzuri ya PET huharibiwa na nguo ya PVC iliyobanwa juu yake kwa joto ili ipendeze. Wachakataji husaga chupa na kuziosha katika matangi ya maji: vipande vya vifuniko huelea, vya PET huzama. PVC nayo huzama, kwani uzito wake kwa ujazo unakaribiana sana na wa PET, kwa hiyo maji hayawezi kuzitenganisha. Zikiyeyushwa pamoja, PVC huoza kwa joto kabla PET haijayeyuka, hutoa asidi ya hidrokloriki, na PET inageuka njano na kukatikakatika. Gramu 100 za PVC katika tani nzima zinatosha kuleta hasara. Lebo ya polipropilini yenye gundi inayoachia katika maji ya moto hailetei mchakataji taabu hiyo. Chupa isiyo na rangi nayo hununuliwa kwa bei bora kuliko ya rangi, na tofauti hiyo humfikia hadi mwokotaji wa chupa katika jaa la Dandora, Nairobi.

Pakiti ndogo za sabuni na viungo zina tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja. Hazitenganishiki kwa gharama inayolipika, hivyo haziokotwi. Navyo vifungashio “vinavyooza” vinahitaji tahadhari. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 hupima kifungashio katika mazingira ya mtambo wa mboji, penye joto la nyuzi 58 hivi. Jaa la wazi halina hali hiyo. Aprili 2024 NEMA iliagiza taka za kuoza zibebwe katika mifuko inayooza kabisa, na hilo lina maana iwapo mfuko unaishia kwenye mboji. Ukitupwa pamoja na chupa, unachafua marobota ya plastiki yanayopelekwa kuchakatwa.

Kuhusu ushahidi kwamba vifungashio vimekusanywa na kuchakatwa: risiti ya mnunuzi wa chupa haitoshi. Inahitajika stakabadhi ya mizani yenye tarehe, aina ya malighafi na kilo, leseni ya NEMA ya msafirishaji, na uthibitisho wa mchakataji kuwa amepokea mzigo huo. Bila mnyororo huo tani moja hudaiwa na wazalishaji wawili, na kwenye karatasi nchi inaonekana imekusanya maradufu.

Ombi langu kwa NEMA na mashirika ya wazalishaji ni moja. Viwanda vya chupa, makopo na nailoni vitakiwe kuandika katika kila ankara aina ya malighafi na gramu za kipande kimoja. Tarakimu hizo tayari viko nazo, kwa sababu mashine zao hupangwa kwa gramu. Mpakiaji wa Kitui au Kisumu angezidisha kwa idadi aliyouza, na taarifa yake ya mwaka ingekuwa tayari.

Mshauri wa vifungashio,
Nairobi