Simu ya biashara ijitambulishe kabla sijaipokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie simu za wauza bidhaa, na hasa niwajibu wanaotushauri kila siku kwamba "usipokee namba usiyoijua".

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Kwangu namba nisiyoijua ndiyo riziki: mteja aliyeelekezwa na mteja mwenzake, bibi harusi mwenye haraka, mzazi anayetafuta sare za mtoto. Nisipopokea, anapigiwa fundi mwingine. Kwa hiyo napokea. Jumanne iliyopita nilikuwa na pini mdomoni, nakata shingo ya gauni, simu ikaita. Nikatema pini, nikaweka mkasi, nikasema haloo. Kimya. Haloo tena. Ndipo ikaingia sauti ya binti, nyuma yake kelele za watu wengi, ananipongeza kwa kuchaguliwa kupata bima ambayo sijaiomba. Ilikuwa simu ya nne ya aina hiyo, na saa sita mchana ilikuwa haijafika.

Kile kimya cha mwanzo nilidhani ni mtandao. Kumbe mashine hupiga namba nyingi kwa mpigo kuliko wahudumu waliopo, na anayepokea mapema ndiye anayeunganishwa na mhudumu aliye huru. Wengine wanaambulia ukimya, kisha simu inakatika. Yaani mimi naacha mkasi nimngojee mtu ambaye hata hajui kama amenipigia! Marekani kuna kanuni inayotaka mhudumu awe amepatikana ndani ya sekunde mbili baada ya mpokeaji kuitika. Nami nimejiwekea kanuni hiyo hiyo: nahesabu moja, mbili, nakata.

Mama yangu, ninayeishi naye, hana hesabu hizo. Kwake mtu akipiga hodi hukaribishwa. Siku moja nilimkuta akizungumza na sauti iliyorekodiwa. Aliiuliza habari za nyumbani mara mbili, yenyewe ikaendelea kutaja ofa, na mwisho akaniambia kijana yule hakulelewa. Kabla ya kukata, sauti ilimwelekeza abonyeze tisa kama hataki kupigiwa tena, akabonyeza. Wiki iliyofuata simu zikaongezeka. Wasiofuata sheria hawakifuti chochote unapobonyeza. Unachowathibitishia ni kwamba namba inafanya kazi na kuna mtu anayesikiliza hadi mwisho. Kwetu sasa tisa haibonyezwi.

Nimejaribu pia kuzuia namba moja moja. Ni kama kufagia majani chini ya mti siku ya upepo. Kuna simu ilikuja kwa namba inayofanana na yangu isipokuwa tarakimu za mwisho. Nilipopiga kulalamika akapokea mzee mmoja, mpole kabisa, aliyeapa hajawahi kunipigia. Nilimwamini, kwa sababu mwezi uliotangulia kuna bwana alinipigia akinifokea eti nimemsumbua usiku kumuuzia mkopo. Mtu anaweza kupiga huku kwenye kioo chako ikitokea namba ya mwingine. Mimi na mzee yule tulikuwa tumeazimwa bila kuulizwa.

Kilichonisaidia kidogo ni daftari. Kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo naandika tarehe, saa, namba na jina la kampuni. Siwatukani wanaopiga; sauti za wengi zimekauka, na binti mmoja alinisihi nisikate haraka kwa sababu anahesabiwa dakika. Nauliza mambo mawili tu: namba yangu mmeitoa wapi, na mtaifuta lini. Swali la kwanza halijawahi kujibiwa hata mara moja. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zikiwamo, zinampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Haki ninayo, lakini naidai kwa mtu mmoja mmoja, nikiwa nimeshaacha kazi.

Hapo ndipo lilipo ombi langu kwa mamlaka za mawasiliano. Brazil, mwaka 2022, iliweka utaratibu wa simu za kuuza bidhaa kuanza na 0303. India kampuni za aina hiyo zimepangiwa namba zinazoanza na 140. Mpokeaji anatazama kioo, anajua, anaamua. Orodha ya wasiotaka kupigiwa, kama ile ya Marekani iliyoanza 2003, nayo ni nzuri, ila inanitaka mimi ndiye nijiandikishe ili niachwe kwa amani. Alama kwenye namba inamtwisha mpigaji mzigo wake mwenyewe, na mteja wangu mpya hachanganywi tena na muuza bima.

Nitaambiwa matapeli hawatatii. Najua. Lakini kampuni halali zikishaweka alama, atakayeniuzia kitu kwa namba ya kawaida nitajua ni wa aina gani kabla hajamaliza salamu.

Daftari lipo, na mamlaka ikilihitaji nitalipeleka. Ila watasoma kurasa za nyuma tu. Za mbele kuna vipimo na namba za simu za wateja wangu, na hizo sijawahi kumpa mtu.

Fundi cherehani,
(jina limehifadhiwa)