Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa: Anayeshika Mkasi Ndiye Anayetia Sahihi

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Mwezi Juni 2014 ofisi yako ilipokea barua kutoka kwa balozi wa Korea Kaskazini. Haikuhusu mpaka, makombora wala chakula cha msaada. Ilihusu filamu ya vichekesho ambayo ilikuwa bado haijatoka, The Interview, ambamo mtangazaji na mtayarishaji wa kipindi cha televisheni wanatumwa na majasusi wa Marekani kwenda kumuua kiongozi wa Korea Kaskazini, Kim Jong-un. Balozi aliandika kwamba kuruhusu filamu ya namna hiyo itengenezwe na kusambazwa ni kufadhili ugaidi waziwazi, na ni kitendo cha vita. Akataka serikali ya Marekani iipige marufuku. Barua hiyo ikasambazwa kwa nchi wanachama kama waraka rasmi.

Ninakuandikia kwa sababu barua hiyo haitakuwa ya mwisho. Kila mwaka kuna kiongozi anayechekwa na watu wa nchi nyingine, na kila anapochekwa yupo mtu ofisini mwake anayetafuta pa kushtakia. Naomba tuliangalie neno moja la balozi yule: kuruhusu. Alitoka katika nchi ambako filamu haifiki kwa watazamaji bila serikali kuikubali. Kwake yeye, filamu iliyotoka ni filamu iliyopitishwa, na iliyopitishwa ni kauli ya serikali. Basi alipowasikia wachekeshaji wakicheka, alisikia ikulu ikicheka.

Mimi nashikilia kwamba uhusiano wa nchi na nchi unaharibiwa na dhana hiyo kuliko unavyoharibiwa na filamu. Na kila sheria inayotungwa ili kuwalinda viongozi wa nje wasichekwe huigeuza dhana hiyo kuwa kweli. Serikali ikishika mkasi, chochote kisichokatwa kinakuwa na sahihi yake.

Uingereza ililijua hili kwa vitendo. Hadi mwaka 1968 mchezo wa jukwaani haukuchezwa huko bila leseni ya Lord Chamberlain, ofisa wa nyumba ya mfalme. Mwaka 1907 alikuwa anatarajiwa mgeni, Mwanamfalme Fushimi wa Japani, na ofisa huyo akaiondolea leseni The Mikado kwa majuma sita. Hiyo ni opera ya vichekesho inayomhusu mfalme wa Japani wa kubuni, na ilikuwa imechezwa nchini humo tangu 1885. Miaka 22 haikuwa imemkosesha mtu usingizi. Lakini kwa kuwa leseni ilitoka kwa mfalme, kuiacha ichezwe mbele ya mgeni kungeonekana kama mfalme mwenyewe anamkejeli. Mwandishi mmoja wa gazeti la Japani alipata kuitazama Sheffield wakati ule ule wa zuio, na akasema hakuona tusi lolote ndani yake. Fedheha yote iliyokuwapo ilitoka kwenye leseni.

Sasa tazama Ujerumani, kwa maana huko mambo yalionekana wazi zaidi. Machi 2016 mchekeshaji Jan Böhmermann alisoma kwenye televisheni shairi la matusi juu ya Rais Erdoğan wa Uturuki. Shairi lile lilikuwa chafu, na sitalitetea kwa utamu wake. Katika sheria ya adhabu ya Ujerumani kulikuwa na kifungu cha 103, kilichobaki tangu enzi za wafalme, kinachomwadhibu anayemtukana mkuu wa nchi ya kigeni. Kesi haikuweza kufunguliwa mpaka nchi iliyotukanwa iombe na serikali ya Ujerumani itoe idhini. Uturuki ikaomba. Tangu saa ile Kansela wa Ujerumani, Angela Merkel, hakuwa tena mtu wa pembeni. Akikataa, amemtukana Erdoğan. Akikubali, amemtoa raia wake ili apate kusikilizana na Uturuki, na wakati ule Ulaya ilikuwa ikiitegemea Uturuki katika suala la wakimbizi. Alikuwa amekwisha sema kwamba shairi lile lilikusudiwa kuumiza, na baadaye akakiri hadharani kuwa alikosea kusema hivyo. Tarehe 15 Aprili akatoa idhini, na papo hapo akatangaza kwamba kifungu chenyewe kitafutwa. Oktoba waendesha mashtaka wa mji wa Mainz wakaifunga kesi. Kifungu cha 103 kiliondoka rasmi Januari 2018.

Mheshimiwa, sheria ile iliwekwa ili ilinde diplomasia. Bila sheria ile, Merkel angeweza kumwambia mwenzake wa Ankara maneno mafupi ya kweli: huyu si mtu wangu, na mimi sina amri juu yake. Sheria ndiyo iliyomnyang'anya jibu hilo.

Erdoğan alikuwa na mlango mwingine, na aliutumia. Alikwenda mahakama ya Hamburg kama mtu binafsi aliyevunjiwa heshima, na mahakama ikazuia sehemu kubwa ya mistari ya shairi lile isirudiwe. Mimi ningependa hukumu iwe nyepesi zaidi. Hata hivyo mlango huo nauheshimu, kwa sababu rais anaingia pale kama mtu mmoja, anabishana na mtu mmoja mbele ya hakimu, wala hakuna jeshi, mkataba au balozi aliyewekwa rehani.

Sitaki kukuambia kwamba filamu haziumizi. Mwaka 1987 kipande cha sekunde chache kwenye televisheni ya Ujerumani Magharibi kilimkejeli kiongozi wa Iran, Ayatollah Khomeini, na Iran ikawafukuza wanadiplomasia wawili wa Ujerumani na kuifunga Taasisi ya Goethe mjini Tehran. Waliokuwa wakijifunza lugha pale walikosa darasa kwa kosa la mchekeshaji ambaye hawakumjua. Na mwaka 2014, baada ya barua ile ya balozi, ilitokea hasara kubwa zaidi. Tarehe 24 Novemba wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za Sony Pictures, kampuni ya filamu ile, wakamwaga hadharani barua pepe na taarifa binafsi za maelfu ya wafanyakazi. Karani wa hesabu asiyehusika na filamu hata kidogo alijikuta taarifa zake ziko mikononi mwa kila mtu. Kisha kukaja vitisho dhidi ya kumbi za sinema, vikiwakumbusha watu Septemba 11. Makampuni makubwa ya kumbi yakajitoa, na tarehe 17 Desemba Sony ikaahirisha filamu. Siku mbili baadaye FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikaitaja Korea Kaskazini kuwa ndiyo iliyohusika, nayo ikakana. Rais Obama akasema Sony ilikosea kurudi nyuma. Filamu ikatoka kwenye intaneti siku moja kabla ya Krismasi, na siku ya Krismasi katika kumbi mia tatu na kitu, na Januari Marekani ikaongeza vikwazo.

Ukipanga matukio hayo, utaona vikwazo vilifuata udukuzi na vitisho. Aliyeharibu uhusiano ni yule aliyejibu kichekesho kwa kuwatisha watu wanaokwenda sinema. Nalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi hasara zote hurundikwa kwa mcheshi, kana kwamba aliyekasirika hana hiari ya kuchagua afanye nini na hasira yake.

Na wale wanaosema anyamazishwe mmoja ili nchi mbili zipatane, historia haiwaungi mkono. Wakati wa amani fupi kati ya Uingereza na Ufaransa, Napoleon alilalamikia maandishi ya Jean-Gabriel Peltier, Mfaransa aliyekimbilia London. Serikali ya Uingereza ikamshtaki, na Februari 1803 baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia. Mei vita vikaanza upya, kabla hata Peltier hajasomewa adhabu. Katika miaka ya 1930 Uingereza ile ile, ikimbembeleza Hitler, ilikuwa na nia ya kuizuia filamu ya Charlie Chaplin, The Great Dictator. Filamu ilipokamilika mwaka 1940 Uingereza na Ujerumani zilikuwa tayari vitani.

Katika filamu hiyo kuna tukio ambalo ningependa kila mwanadiplomasia alitazame. Madikteta wawili wamekaa kwenye viti vya kinyozi. Mmoja anazungusha mpini, kiti chake kinapanda kidogo ili awe juu ya mwenzake. Mwenzake naye anazungusha. Wanapanda hivyo hivyo, huku wakizungumza kana kwamba hakuna kinachotokea. Yeyote aliyewahi kuona maofisa wakibishania nani aketi wapi na bendera ipi iwe ndefu anaitambua sura ile. Chaplin mwenyewe aliandika baadaye kwamba angelijua ukweli wa kambi za mateso asingeweza kuitengeneza filamu hiyo. Namheshimu kwa kukiri. Kicheko hakikuwaokoa waliouawa, nami sidai kwamba kinaokoa. Nadai tu kwamba hakuna aliyeokolewa kwa kukinyamazisha.

Nisikufiche kinachonisumbua. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa chumba kimoja na mwenzangu wa masomo ambaye rais wa nchi yao alikuwa amechekwa katika filamu ya watu wa nje. Tuliitazama kwenye kompyuta yake, sauti ya chini, mlango umefungwa kwa ufunguo, mazoea aliyokuja nayo kutoka kwao. Rais alipoonyeshwa mbele ya kioo akijivika nishani moja baada ya nyingine mpaka koti likamwelemea, mwenzangu alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akaja mama mmoja wa sokoni, lafudhi imetiwa chumvi, hajui hata kufungua bomba la maji. Mwenzangu akanyamaza. Akarudisha nyuma, akaitazama tena sehemu ile, akafunga kompyuta. "Yule mzee anastahili," akasema. "Huyu mama kawakosea nini?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile najiuliza swali lake kwa kila filamu ya aina hii: anachekwa mwenye nguvu, au wanachekwa wanaobebeshwa nguvu yake? Hata ile ya pili siitakii marufuku. Naitakia lawama kali, kutoka kwa watazamaji na wahakiki, na watu wa nchi inayochekwa wapewe nafasi ya kujibu kwa filamu zao. Tena kuna kazi ambazo hazimo kabisa katika ulinzi ninaouomba, kama vile video ya kughushi inayomwekea kiongozi mdomoni maneno asiyosema ili watu waamini ameyasema, au kazi inayowaita watu wakaue kweli. Ya kwanza ni ulaghai na ya pili ni uchochezi, hata zikivaa vazi la kichekesho.

Mkataba ambao nchi nyingi zimeuridhia unakupa nguvu ya kusema haya. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 kinataja sababu zinazoweza kubana uhuru wa kujieleza: haki na heshima za watu wengine, usalama wa taifa, utulivu wa umma, afya na maadili ya umma. Uhusiano mwema na nchi za nje haumo. India iliuongeza katika katiba yake mwaka 1951, mkataba hauna. Na Kamati ya Haki za Binadamu inayosimamia mkataba huo, katika Maoni ya Jumla Namba 34 ya mwaka 2011, ilisema kwamba viongozi wote, wakuu wa nchi wakiwamo, wanakosolewa kihalali, na kwamba kuonekana tusi kwa kiongozi peke yake hakutoshi kumwadhibu mtu.

Kwa hiyo barua ya namna ile itakapofika tena mezani kwako, naomba uisambaze kama taratibu zinavyotaka, ila usiiache iende peke yake. Iambatanishe na ukurasa mmoja wenye maneno ya Kifungu cha 19 na ya Kamati. Mwambie balozi aliyeileta kwamba serikali ya nchi nyingine haiwajibiki kwa kicheko cha raia wake. Na kama kuna ukumbi uliotishwa au mtengenezaji aliyeahidiwa kifo, hilo ndilo lizungumzwe kwanza, siku ile ile, kabla ya filamu yenyewe kutajwa.

Wako kwa heshima,

Mtazamaji