Shukrani kwa mtumishi wa dirisha la leseni

Napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa mtumishi wa halmashauri aliyenihudumia nilipokwenda kuhuisha leseni ya biashara, ambaye kwa bahati mbaya sikuwahi kumuuliza jina. Kwa siku tatu nilikuwa nikizungushwa, watu wa mapato wakinituma kwa watu wa afya na hao wakinirudisha nilikotoka, kwa sababu namba ya kiwanja katika hati ya ukaguzi haikulingana na ile ya rejesta. Yeye hakuniambia nirudi kesho. Alifungua rejesta, akafuata mistari kwa ncha ya kalamu hadi akagundua kwamba tarakimu mbili zilipishana wakati wa kunakili, kisha akanisindikiza mwenyewe kwa afisa afya, ambaye alisahihisha kosa na kugonga muhuri.

Mama mzee aliyenifuata kwenye foleni, asiyejua kusoma, alisomewa fomu yake kipengele kwa kipengele, kwa sauti ya chini ili shida zake zisisikiwe na kila mtu. Heshima ya namna hiyo, kwangu mimi, ndiyo huduma yenyewe.

Alinieleza pia kila tozo niliyolipa ni ya nini, akanisisitizia nidai stakabadhi, na akanielekeza namna ya kumwandikia diwani kuhusu mtaro ulioziba mbele ya maduka yetu, ingawa hilo halikuwa jukumu lake.

Ndugu mtumishi, ahsante sana. Leseni imetundikwa ukutani, na mtaro umezibuliwa.